Tusiwafanyie Watoto Butura

Kuna imani iliyoota mizizi katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, kuanzia Kayanga na Omurushaka hadi Nkwenda na Murongo, kwamba chekechea nzuri ni ile inayomrudisha mtoto nyumbani na daftari lililojaa. Jioni mzazi hulifungua. Akikuta mistari ya a, e, i, o, u na alama za vema za kalamu nyekundu, roho yake inatulia. Akikuta kurasa tupu, na mtoto ana udongo kwenye kucha huku akisimulia jinsi walivyochambua maharage na kuyapima, kesho yake asubuhi mzazi huyo yuko mlangoni kwa mwalimu: kumbe watoto mnawaita shuleni kuja kucheza?

Nasema imani hiyo ni potofu na inawaumiza watoto. Daftari la mtoto wa miaka minne halionyeshi alichojifunza. Linaonyesha muda aliokalishwa.

Watu wa wilaya hizi hawahitaji kufundishwa hasara ya kuvuna kabla ya wakati. Butura tunaijua. Mkulima aliyebanwa na shida anaiuza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika mavuno ya shamba lake ni ya mtu mwingine. Serikali imeipiga marufuku na viongozi wameikemea mwaka baada ya mwaka. Kumshikisha penseli mtoto ambaye hata vifungo vya shati lake hajaweza kuvifunga, na kumtaka ajaze ukurasa, ni butura ile ile. Tunachukua leo kitu kidogo cha kuwaonyesha majirani, na tunakipoteza kile ambacho kingekomaa.

Tuanze na mkono wenyewe. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane. Kwa mtoto wa miaka mitano, baadhi yake bado ni gegedu, haijawa mfupa. Vidole vyake vinahitaji kazi ya kuvikomaza, na kazi hiyo ni kufinyanga udongo, kupukuchua maharage, kusokota kamba za magome ya mgomba, kumenya ndizi iliyoiva, kutunga shanga za mbegu. Mtoto aliyefanya hayo kwa mwaka mzima akipewa penseli anaishika bila kuibana. Aliyeanzia kwenye penseli anaibana hadi karatasi inatoboka, na mapema sana anaanza kuichukia kazi ya kuandika.

Kuhesabu nako ni vivyo hivyo. Mtoto anaweza kuimba moja hadi hamsini bila kukosea, na wageni wakampigia makofi siku ya mahafali akiwa ndani ya joho lake dogo. Mwambie akuletee maharage saba. Wengi watakuletea gao. Wimbo wa namba wanaujua, ila hawajajua kwamba neno la mwisho walilotaja katika kuhesabu ndilo idadi ya vitu vilivyo mbele yao. Hilo halipatikani kwa kuimba. Linapatikana kwa kushika, kuhamisha, kugawa na kurudia, hadi mkono na neno viende pamoja.

Sasa nieleze ninachokitetea, maana wapo wanaodhani kujifunza kwa vitendo ni kuwafungulia watoto uwanja na mwalimu kwenda kukaa kivulini. Nazungumzia mada moja inayoshikwa kwa wiki kadhaa, na kila shughuli ya darasa ikaizunguka. Chukua kahawa, kwa kuwa hakuna mtoto wa huku asiyeijua. Msimu ukifika, kila mmoja anakuja na kiganja kimoja cha matunda yake. Yanamwagwa kwenye mkeka na kutengwa: mekundu huku, mabichi kule, yaliyokauka pembeni. Hapo tayari watoto wanalinganisha na kupanga vitu kwa makundi, na hisabati yote imejengwa juu ya kazi hiyo. Kisha wanapasua. Ndani ya tunda kuna mbegu mbili zilizotazamana kwa upande bapa. Matunda matatu, mbegu ngapi? Na mara moja moja linajitokeza tunda lenye mbegu moja ya mviringo, na hapo maswali yanaanza bila mwalimu kuyaomba. Kwa nini hii iko peke yake?

Fimbo moja, kamba na makopo mawili ni mizani. Kopo la matunda mabichi linapimwa kwa mawe, na idadi ya mawe inachorwa ubaoni. Matunda yale yale yanaanikwa, yanageuzwa kila siku, yanaingizwa ndani mvua ikitishia. Baada ya wiki mbili tatu za jua yanapimwa tena na mawe yamepungua. Uzito umekwenda wapi? Mtoto wa miaka mitano anayelikabili swali hilo akiwa na kopo mkononi yumo ndani ya sayansi, wala hajaandika neno hata moja.

Kisha inakuja kona ya duka, sehemu ya darasa ambapo watoto wanaigiza kuuza na kununua. Mmoja mkulima, mmoja karani, mmoja mnunuzi. Watoto wa huku wamewasikia wazazi wao wakilalamikia mizani na bei, kwa hiyo mabishano hayakosekani, na katika mabishano hayo wanapata maneno: nzito, nyepesi, pungufu, kavu, pevu, deni, chenji. Nawaomba wasomaji mlitazame hili la maneno kwa makini. Watoto wengi wa vijijini huja chekechea wakiwa na Kinyambo pekee, wengine na lugha za jirani zetu wa Uganda na Rwanda. Kiswahili cha darasani ni kigeni kwao. Mtoto akisikia neno huku ameshika kitu chenyewe, neno linabaki. Akiliimba kwa kufuata mwalimu huku akitazama ubao, analisahau kabla ya kufika nyumbani.

Na mwalimu mwenye busara atamwalika bibi wa kijiji aje aonyeshe jinsi kahawa ya kutafuna inavyochemshwa, kukaushwa na kufungwa kwenye magome ya mgomba kwa ajili ya mgeni. Watoto watajifunza kumpokea mgeni, kunawa mikono kabla ya kugusa, na kusubiri zamu. Hebu niambie ni ukurasa upi wa daftari unaoyabeba hayo yote.

Haya si mawazo ya kuletwa na wafadhili. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamikia shule inayomtenga mtoto na maisha ya watu wake na kumfanya aamini kwamba maarifa yanakaa vitabuni tu. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016, uliotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ulimtaka mtoto ajenge umahiri wa kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, sanaa na dhana za hisabati, na ukamwelekeza mwalimu kuandaa kona za ujifunzaji. Kwa hiyo mwalimu anayewafinyangisha watoto udongo hajaasi, anatekeleza mtaala. Mombasa, tangu miaka ya 1980, walimu wa mpango wa chekechea za madrasa ulioungwa mkono na Aga Khan Foundation walifundisha kwa vifuu, vifuniko vya chupa na mbegu. Mpango ukaenea hadi Zanzibar na Uganda. Utafiti wa Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba watoto wa chekechea hizo walipiga hatua kubwa zaidi kiakili kuliko wenzao wa chekechea za kawaida.

Upande wa pili, wa kunakili ubao, nao tunaujua. Tafiti za elimu za mpango wa Uwezo zilizoanza mwaka 2010 zilionyesha kwamba wanafunzi wengi wa darasa la tatu nchini walishindwa kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mwalimu yeyote wa madarasa ya chini anamjua mtoto anayenakili ubao mzima kwa hati nzuri, kisha akashindwa kukisoma alichokinakili.

Simlaumu mzazi kwa ubaya. Mtu anayeuza mkungu wa ndizi ili alipe ada ana haki ya kuona fedha yake imefanya nini, na daftari ndicho kitu pekee anacholetewa. Mwenye kosa ni shule isiyomwonyesha kingine. Zipo pia zinazofanya vibaya zaidi: kona zinapambwa kwa ajili ya wathibiti ubora, maboksi na vifuu vinaning'inizwa juu, na watoto wanakatazwa kuvigusa ili visiharibike. Hizo si kona, ni mapambo, na mwalimu mkuu anayeziruhusu anawadanganya watoto na serikali kwa pamoja. Nyingine zimebandika ukutani picha za tufaha, treni na theluji, vitu ambavyo mtoto wa Kaisho hajawahi kuvigusa, zikaita huo ubora kwa sababu maneno yake ni ya Kiingereza. Fundisheni Kiingereza mkitaka, lakini kifundisheni kwa ndizi, ng'ombe na mvua.

Wanaosema hatuna vifaa siwaelewi kabisa. Maharage ya kwetu yana rangi nyingi kuliko kalamu za dukani. Udongo upo, migomba ipo, vifuniko vya soda vimejaa kila gulio.

Wanaosema watoto ni wengi mno, hao nawasikiliza. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na kila anayezijua shule zetu anajua jinsi kiwango hicho kinavyopitwa. Kundi kubwa lenye maharage mikononi ni hatari ya kweli, kwa kuwa mtoto mdogo husukuma punje puani au sikioni kufumba na kufumbua. Lakini jibu la hatari hiyo si kuwafungia wote kwenye madawati wanakili herufi. Jibu ni kuwagawa katika makundi, kutoka nje ya chumba, kuwapa walio wadogo zaidi vitu vikubwa visivyoingia puani, na kuwa na watu wazima zaidi ya mmoja. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zipeleke kwenye madarasa ya awali walimu waliosomea kazi hiyo, badala ya kuyafanya mahali pa kumweka mwalimu anayesubiri kustaafu. Shule binafsi ziache kuwafanyia usaili wa kuandika watoto wanaoomba darasa la kwanza, maana usaili huo ndio unaowasukuma wazazi kudai madaftari.

Na wewe mzazi, katika mkutano ujao wa shule usiulize mtoto wako ameandika kurasa ngapi. Omba ratiba ya mada za muhula. Uliza mtoto wako ameshika nini, amepima nini, ameuliza swali gani. Ukiwa na nafasi ya asubuhi moja kwa mwezi, nenda ukakae na kundi moja mkekani, na ubebe kilo moja ya maharage mchanganyiko na kikapu cha zamani usichokitumia.