TUSINUNUE RANGI

Datsun 240Z ilishinda mbio za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, na tena 1973. Sifa hiyo ni ya kweli, ila haizuii kutu. Gari hilo halina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo uti wa mgongo. Basi anayeuziwa kuukuu kwa bei rahisi aanzie chini: ainue kapeti, achungulie chini ya betri, apitishe sumaku chini ya milango. Isiponata, hapo pamezibwa plasta. Injini iwashwe ikiwa baridi. Mkikuta imeshapashwa moto, ulizeni kwa nini. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Injini hutengenezeka, bodi iliyooza humaliza akiba ya nyumba. Rahisi huwa ghali. Tukague kwanza, ndipo tulipe.