Faili ambayo muuguzi hawezi kusoma

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 1, 2018 katika Kivu Kaskazini uliingia mjini Goma Julai 2019. Ulipomalizika Juni 25, 2020, watu 2.287 walikuwa wamefariki kati ya wagonjwa 3.470. Hesabu hizo zilikuwa zikitembea kila siku ndani ya mafaili, na faili likisomwa vibaya, kuna mtu hafuatwi.

Tuchukue tarehe 03/04. Hapa kwetu, tunaofuata Kifaransa, ni tatu mwezi wa nne. Kwa Mmarekani ni Machi 4. Aliyegusana na mgonjwa wa Ebola anafuatiliwa siku 21. Kosa la mwezi mzima linatosha kumpoteza. Kumbe ukiandika 2019-04-03, mashine na muuguzi wanaelewana bila kubishana.

CSV nayo ni andiko tupu: kila kipande kinatengwa na koma, hata simu inaweza kulifungua. Lakini kwenye kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa koma ni ya desimali, na Excel inangoja nukta-mkato. Faili lililotoka Nairobi likifunguliwa Goma, kila kitu kinabanana katika safu moja. Ni nani amekosa hapo? Si muuguzi.

Mashirika ya kiutu yanajua dawa. Kanuni yao ya HXL inaongeza, chini ya vichwa vya safu, mstari mmoja wa alama zinazoanza na #. Mashine inasoma alama, mtu anasoma kichwa. KoboToolbox pia inampa mtumiaji nafasi ya kutoa majibu kwa maneno ya swali lenyewe au kwa misimbo mitupu. Wengi wanatoa misimbo, kisha wanaituma hivyo hivyo.

Wataalamu watajibu kwamba majina yanachanganya, na wana haki: Nyiragongo ni volkano, ni teritware, ni eneo la afya pia. Msimbo unaondoa fujo hiyo. Basi CD61 ibaki, ila pembeni yake paandikwe Kivu Kaskazini, ili mkuu wa kamati ya wahamaji aone kama kijiji chake kimewekwa mahali pake kabla msaada haujagawanywa. Majina ya wagonjwa ni jambo lingine. Hayo yafungwe kwa ufunguo.