Serikali nayo ikope kwa hesabu ya duka

Wenye maduka wenzangu wa Masasi na Newala, leo tuongelee deni la taifa.

Ukikopa kuongeza mzigo, mzigo utalipa deni. Ukikopa kulipa kodi ya fremu na mshahara wa kijana wa dukani, umeshaanza kufunga. Serikali ni hivyohivyo. Barabara ya Mnivata–Newala–Masasi, kilomita 160, inajengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Huo naukubali. Lori likipita vizuri, gharama ya kuleta mzigo huku juu inapungua na biashara inazunguka. Ila kukopea posho na magari, hapana.

La pili, serikali isiwe mchuuzi. Novemba 2018 wanunuzi walitoa bei ndogo, serikali ikaamua kununua korosho zote yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likabeba. Hasira ya mkulima ilikuwa ya haki na bei ilivutia. Lakini wengi walisubiri malipo miezi. Na mkulima asipolipwa, deni linahamia kwenye daftari la duka. Kazi ya serikali ni kusimamia mizani na mnada wa wazi, mnunuzi alipe kwa wakati. Kununua iwaachie wenye mitaji.

Mgombea akija kuomba kura muulize: utakopa kiasi gani, cha nini, na kitarudi vipi? Wewe ungemkopesha mteja asiyejibu hayo?