Motokaa Imara ni ya Nchi Gani?

Barazani kwetu, Unguja na Pemba, watu huzozana: huyu ashikilia kuwa motokaa ya Mwingereza ndiyo chuma hasa, yule aapa kwa Mjapani, wa tatu hataki kusikia ila Mjerumani. Mzozo huo si wa kupitishia jioni tu. Mwanachama atoaye akiba ya misimu mitatu ya karafuu akaletewa gari bovu, hana wa kumshitaki. Kwa hiyo twaona yafaa tuvuke bahari tuitazame Arusha, kwa kuwa huko gari hutahiniwa bila ya upendeleo.

Mji ule, chini ya Mlima Meru, huishi kwa kuwapeleka wageni Ngorongoro na Serengeti. Lami ya kutoka Makuyuni hukoma langoni Ngorongoro. Mbele yake ni changarawe yenye matuta kama mawimbi, na vumbi liingialo hata pasipo na tundu. Nao wakulima wa Meru, mvua zikinyesha, hushusha ndizi na kahawa kwa njia za mteremko zenye utelezi. Gari likifa huko, hakuna wa kubembelezwa.

Mashindano ya Safari yalianza 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakarudi saba tu, na ya kwanza ilikuwa Peugeot 404 ya Mfaransa. Gari hiyo ilishinda tena 1966, 1967 na 1968. Kisha akaja Mjapani na Datsun, akashinda 1970, 1971 na 1973. Lakini hizo Peugeot 404 ziko wapi leo? Hazionekani ila kwa nadra, na si kwa kuwa zilikuwa mbovu. Vipuri vilikatika, na mafundi waliozijua wakazeeka.

Na Land Rover je? Ilianza 1948, bodi yake ikiwa ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, na kwa miaka mingi ndiyo iliyotawala njia za bara. Leo ukisimama Arusha alfajiri, magari ya wageni yanapoondoka, utahesabu Land Cruiser mpaka uchoke, na Land Rover chache. Land Cruiser hizo hurefushwa na kuwekewa mapaa ya kufunguka pale pale Arusha, kwa Hanspaul na kwa mafundi wengineo. Injini yake ya dizeli ya lita 4.2, iliyotoka 1990, haiongozwi na kompyuta. Fundi wa Unga Limited huifungua kwa spana zake, na kipuri akitakacho hukipata dukani siku ile ile. Hilo, kwa maoni yetu, limeipa ushindi kuliko chuma chake.

Mwenye kuapa kwa Mjapani asitucheke bado. Jina hilo hilo la Land Cruiser limebandikwa katika mashangingi ya wakubwa, yaliyojaa vyombo vya umeme ambavyo fundi wa kawaida hathubutu kuvigusa. Wakubwa hao hawayatengenezi kwa fedha zao, wala hawaoni haja ya kuuliza bei. Naye mwenye kuapa kwa Mwingereza, twamwuliza anaapa kwa nani? Kampuni ya Land Rover ilichukuliwa na BMW ya Ujerumani 1994, ikauzwa kwa Ford ya Marekani 2000, na tangu 2008 ni mali ya Tata ya India. Defender ya zamani ilikoma kuundwa Januari 2016; hiyo mpya huundwa Nitra, nchini Slovakia. Hata basi dogo la abiria, watu wa Arusha wameliita kifodi, na ukilitazama usoni ni Toyota.

Hivyo twawasihi wanachama waache kuuliza gari ni la taifa gani. Waulize ni nani hapa kisiwani ajuaye kulitengeneza, na kipuri chake chapatikana Darajani au ni lazima kiagizwe ng'ambo.

Lakini si kila la Arusha litufaalo. Adui wa kule ni vumbi na matuta, nayo huvunja springi na kuziba chujio la hewa. Adui wetu ni chumvi ya bahari, ilayo kimya kimya. Bodi ya alumini haishiki kutu kama bati, ila chasisi iliyo chini yake ni ya chuma. Gari kuukuu kutoka Japani pia huenda limekwisha kupita baridi nyingi katika njia zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyushia barafu, nalo limepakwa rangi likang'ara. Basi kabla ya kuhesabu fedha, mnunuzi na alale chini ya gari, achukue nyundo ndogo, aigonge chasisi kutoka mbele hadi nyuma. Muuzaji akimkataza, na aondoke na fedha zake.