Shahidi Asiyeitwa

Waandishi wetu wawili wa toleo hili wanataka Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 itoke kabatini na Mahakama ya Korona zianze kazi. Hapo niko nao. Ila wanataka pia kwamba mchunguzi wa vifo akikataa kumwita shahidi, ndugu wa marehemu wasubiri uamuzi wa mwisho ndipo waende Mahakama Kuu kuomba mapitio. Hilo silikubali hata kidogo.

Wanajikinga na Ibara ya 107A ya Katiba ya Tanzania, kwamba haki isicheleweshwe. Mbona wameiruka Ibara ya 13(6)(a)? Mahakama ya Rufani ilishasema katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts, lililotoka huku huku kwetu, kwamba haki ya kusikilizwa ni haki ya kikatiba. Na uchunguzi wa kifo hauna upande wa pili wa kumleta shahidi aliyeachwa. Anayepanga orodha ya mashahidi ndiye anayeamua ni maswali gani yataulizwa.

Gharama ya kusubiri inajulikana. Baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough, Sheffield, Uingereza, Aprili 15, 1989, mchunguzi Stefan Popper aliamua kwamba hatapokea ushahidi wa mambo yaliyotokea baada ya saa 9:15 alasiri, kwa kuwa kufikia hapo, kwa maoni yake, wote walikuwa wameshapata majeraha yaliyowaua. Kwa mstari huo mmoja, kazi ya polisi na ya magari ya wagonjwa baada ya dakika hiyo haikuhojiwa. Debra Martin, askari wa akiba aliyesema kijana Kevin Williams, mwenye miaka 15, alitamka neno “mama” ikikaribia saa 10, hakuitwa. Mwaka 1991 likatoka jibu: kifo cha ajali. Familia ziliomba mapitio, zikashindwa 1993. Uamuzi wa 1991 ulitenguliwa Desemba 2012, na Aprili 2016 baraza jipya la uchunguzi wa vifo hivyo likasema watu 96 waliuawa kinyume cha sheria. Anne Williams, mama yake Kevin, alikuwa amefariki 2013. Wenzangu wanaohofia ucheleweshaji waihesabu na miaka hiyo.

Kenya inatufundisha upande wa pili. Padri John Kaiser alikutwa amekufa karibu na Naivasha, Agosti 2000. FBI ikasema alijiua. Mashahidi walipoitwa na kuhojiwa hadharani, hakimu Maureen Odero aliikataa kauli hiyo mwaka 2007: Kaiser aliuawa.

Sasa turudi kwetu Isongole, mpakani. Hapa shahidi akivuka mto Songwe yuko Malawi, na kutoka Tunduma hadi Nakonde, Zambia, ni mwendo wa miguu. Wito wa mchunguzi wa vifo haumfuati huko. Dereva, utingo, mchuuzi wa fedha aliyekuwa kando ya barabara, wote wanaweza kuwa nchi nyingine kabla jalada halijafunguliwa. Kanuni za mapitio za 2014 zinatoa miezi 6 ya kuomba kibali, na jaji anaweza kuamuru shauri la chini lisimame. Miezi 6 inamtosha mfanyabiashara aliyenyang'anywa leseni. Kwa kifo cha mpakani ni mingi mno. Ninachodai ni hiki: anayekataa kumwita shahidi aandike sababu siku hiyo hiyo, ndugu wapewe nakala, na maombi yao yasikilizwe ndani ya siku 14, shahidi akiwa bado anapatikana.

Katika toleo hili pia, makala kuhusu kifo cha Agnes Wanjiru wa Nanyuki, Kenya, ambacho hakimu Njeri Thuku alikitolea uamuzi 2019, isomwe taratibu. Ile ya ada za mahakama ni fupi na ina manufaa.

Waandishi wangu wawili nimewaachia kurasa katika toleo lijalo. Wanijibu swali moja: uamuzi ukishatolewa na shahidi ameshahamia Chitipa, Malawi, Mahakama Kuu itamrudisha kwa amri gani?