Kurasa 14, Ikafika Moja

Wanachuo wenzangu, mwaka jana nusura nirudie fildi kwa sababu ya faili. Ripoti niliandika, msimamizi akasaini, na steshenari wakaniskania kurasa zote 14 kwenye faili moja la TIFF. Mfumo wa kupokea kazi ukalikataa, unataka JPG. Nikalifungua kwenye programu ya picha, nikalihifadhi upya kama JPG, nikatuma. Ikaja meseji: "Imepokelewa." Nikalala usingizi mnono.

Wiki tatu baadaye jina langu liko ubaoni: "haijakamilika." Mwalimu alikuwa ameona kava tu. Hakunionea. Kava ndiyo niliyomtumia.

Hapa ndipo wengi tunaponaswa. TIFF, iliyoanza mwaka 1986, inaweza kubeba kurasa nyingi ndani ya faili moja, kama bahasha yenye karatasi. JPG ya kawaida inabeba picha moja. Ukigeuza, programu nyingi huchukua ukurasa wa kwanza na kuziacha zingine bila kusema neno. Hata zile GIF zinazocheza tunazotumiana kwenye magrupu ni picha nyingi ndani ya faili moja. Igeuze iwe JPG, inaganda hapo hapo.

Najua mtaniambia, "Mzembe wewe, ungekagua." Sawa, nakubali. Lakini jamani, mfumo unaosema "Imepokelewa" bila kusema imepokea nini, hiyo ni risiti gani? Hata muuza duka anaandika idadi. Maoni yangu ni haya: mfumo ukubali PDF, na ukishapokea kazi useme ni kurasa ngapi. Ningeona "ukurasa 1", ningerudi steshenari siku ile ile.

Hadi hapo watakapotusikia, tujilinde. Mwambie wa steshenari akutolee PDF. Ikilazimu JPG, kila ukurasa uwe faili lake, lipe namba, 01 hadi mwisho, kisha hesabu kabla ya kutuma. Na faili la kwanza usilifute kamwe.

Mimi niliokolewa na lile la kwanza, lilibaki kwenye flashi na tarehe yake. Mwenzangu alishalifuta la kwake. Alipanda basi kurudi mkoani kumtafuta msimamizi asaini upya, nauli akaitoa kwenye bumu.