Vigae Kaburini, Utelezi Bafuni

Na Rispa Awuor

Kisiwani Mfangano tunajua kuzika. Mzee akifariki, simiti inavuka ziwa kutoka Mbita upesi, fundi anapatikana, na kaburi linapigwa vigae vinavyong'aa kuliko sakafu yoyote kijijini. Sina ugomvi na heshima hiyo. Ninachouliza ni kwa nini mzee huyo, alipokuwa hai, alikuwa anaogea juu ya jiwe lenye utelezi, kwenye kibanda cha mabati, bila kitu cha kushika.

Kisiwa chetu ni mlima. Ukipanda kutoka Sena, boma nyingi ziko kwenye mteremko, na choo kimechimbwa pale mwamba uliporuhusu, mzee afike asifike. Tazama kiganja cha nyanya anayetoka chooni: kina mistari ya kutu, maana alichoshika ni ukingo wa bati. Siku msumari ukilegea ataanguka nalo. Akivunjika nyonga, atabebwa hadi ufuoni, apande boti hadi Mbita, kisha gari hadi hospitali ya rufaa ya Homa Bay. Wapo wanaosema aende kuoga ziwani kama zamani. Kwenye mawe yale ya kijani, na kichocho kilivyo humo?

Kuna jambo tunaloona haya kulitaja. Katika boma nyingi hapa, mke wa mwana haingii choo kimoja na baba mkwe, sembuse kumwogesha. Watoto wa kuwazaa wako Nairobi. Mzee asiyeweza kuinuka peke yake atavunja mwiko, au atakunywa maji kidogo ili asiende chooni mara kwa mara. Nimewaona wanaochagua hilo la pili.

Pesa za mpango wa Serikali wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, huishia kwenye unga na dawa. Katiba ya 2010, ibara ya 57, inataja familia na Serikali pamoja katika kumtunza mzee. Serikali tuidai, lakini mchango wa mazishi hatujawahi kushindwa kuuchangisha wenyewe. Tuuchangishe mzee akiwa hai.

Tuanze na kishikio cha chooni. Hakifungwi kwenye bati wala ukuta wa udongo. Hapo ndipo wenye nia njema hukosea: paipu mpya, misumari miwili, kisha ukuta unang'oka. Chimbeni mashimo mawili kando ya tundu la choo, futi mbili kwenda chini, msimamishe nguzo za chuma na kumwaga zege, ndipo muunganishe paipu ya mlalo. Paipu ya maji ya inchi moja inatosha. Ikiwa nene sana, vidole vyenye baridi yabisi haviizunguki. Urefu msikisie. Mwenyewe akae, ainuke, nanyi mtie alama pale mkono wake unapotafuta pa kushika.

Fundi akiuliza kama apige niru bafuni, kataeni. Niru inapendeza sebuleni, lakini ikilowa povu la sabuni inamwangusha hata kijana. Simiti ikiwa mbichi apitishe ufagio mgumu uache mistari, na sakafu ilalie kidogo upande maji yanakotokea.

Kwa asiyeweza kuchuchumaa, mwoneni fundi wa mashua. Huyo anajua mbao na maji kuliko mtu yeyote kisiwani, na kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo hakimshindi: miguu minne iliyopanuka chini, urefu wa kufika gotini kwa mkaaji, mbao zimepigwa msasa na rangi ili zioshwe bila kuoza.

Mlango wengi huusahau. Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji mlango wenye upana wa sentimita 90 hivi, na uwe wa kufungukia nje. Mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake ndio unaouzuia, na mtalazimika kuubomoa yeye akiwa chini yake. Komeo nalo liwe la kufungulika kutoka nje.